Mkono wa Mama Ineza

Twagirimana aliliona koti kabla hata hajaketi nyumbani kwa Evode, askari mwenzake wa zamani. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, limepigwa pasi, na suruali yake imekunjwa juu ya kiti. Akalitazama, akamtazama mwenye koti, akatikisa kichwa.

"Ile koti uiache hapa nyumbani," alisema. "Ile ndiyo ilikuharibia mara ya kwanza."

Evode alicheka kidogo. Alikuwa ameketi mgongo wima, mikono juu ya magoti, kama alivyozoea tangu jeshini. "Koti inaharibu namna gani? Mi niende mbele ya wakubwa kama mutu anatoka kulima?"

"Ndiyo. Uende vile vile."

Twagirimana akaunyoosha mguu wake wa bandia ili goti lipumzike. Yeye hakuwahi kuwaeleza madaktari jambo lolote. Aliingia, wakaona, wakaandika. Evode alikuwa na vipande vya bomu kichwani tangu ujana wake, tangu vita vya milima ya Kanama, lakini nywele zilikuwa zimeota juu yake na kufunika kila kitu. Mwanzoni mwa mwaka, askari wa zamani walipoitwa kupimwa upya, alikuwa ameingia mbele ya jopo akiwa na koti na viatu vinavyong'aa. Walipomuuliza hali yake, alijibu kama anavyojibu askari: yuko sawa, ila kizunguzungu kidogo. Wakaandika kwamba ulemavu wake haufiki kiwango. Jina likatolewa, na pamoja na jina ikaondoka kadi ya kuchukulia dawa bila malipo.

Tangu hapo vidonge vilinunuliwa na mkewe, Illuminée, kwa faida ya karoti na mboga ya liki alizovusha mpaka kuuza Goma. Kuna wiki biashara ilikwenda vizuri, na kuna wiki Evode alimeza nusu kidonge, akaanguka zaidi. Neno kifafa halikutamkwa nyumbani kwake. Yeye mwenyewe alilikataza.

"Usikie vizuri," Twagirimana aliendelea. "Rufaa haiko kulalamika. Wataketi watu wengine, hawajakuona. Watasoma ile wa kwanza waliandika, halafu watauliza: kuko kitu gani kipya? Ukiwapelekea yaleyale, watakurudishia yaleyale."

"Kitu kipya nitatoa wapi? Sijawahi kulala hospitali hata siku moja."

"Mutu. Mutu anakaa na wewe, anaona yenye we hauoni."

Wote wawili wakageukia mlangoni. Illuminée alikuwa ameketi kizingitini akichambua karoti. Alizibana kwa mkono wa kushoto, ule uliopinda kwenye kiwiko na usionyooka tena, akazikata majani kwa mkono wa kulia. Mkono ule ulivunjika miaka miwili nyuma, alipoteleza na kikapu juu ya mawe ya Petite Barrière, kivuko cha mpakani. Ndivyo alivyomwambia mumewe, na ndivyo mumewe alivyowaambia majirani.

"Mama Ineza atakuja," Evode alisema baada ya kufikiri. "Atasema naangukaka. Basi. Mambo ya kitanda, mambo ya nguo kulowa, hapana. Umesikia, Mama Ineza?"

"Nimesikia, Papa Ineza."

Twagirimana alipokuwa akiondoka, Illuminée alimsindikiza hadi barabarani. Mzee yule alisimama, akakohoa, akasema polepole, "Dada, ukienda kule usimulinde. Siku ile moja, usimulinde." Illuminée alimtakia safari njema, akarudi kwenye karoti zake.

Siku ya rufaa Evode alivaa koti.

Illuminée aliliona asubuhi mumewe alipotoka chumbani. Binti yao Ineza, msichana wa miaka kumi na sita, alimpangusa baba yake vumbi begani, akaenda shule. Mume na mke wakateremka kwa miguu kutoka nyumbani kwao Rugerero hadi mjini, kwa sababu Evode hakupenda kupanda pikipiki, na sababu ya kutopenda haikuzungumzwa pia.

Jopo la rufaa lilikuwa limepewa chumba hospitalini. Nje ya chumba kulikuwa na benchi refu, na juu ya benchi walikaa wanaume wa umri wa Evode na zaidi. Mmoja alikuwa na magongo mawili. Mwingine alikuwa kipofu, ameshikwa mkono na mkewe. Watu walisogea kuwapa nafasi. Mke wa yule kipofu, mama mwenye sauti laini, alimwangalia Evode juu hadi chini, koti, viatu, ndevu zilizonyolewa, akamuuliza kwa upole, "Na we papa, unasindikiza nani?"

"Huyu mama," Evode akasema, akamwonyesha Illuminée kwa kidevu.

Yule mama akautazama mkono uliopinda. Macho yake yakajaa huruma. "Pole sana, dada. Ni mu vita?"

"Hapana," alijibu Illuminée. Akauvuta mkono ndani ya kitenge, akainama. Mumewe alikuwa anatazama ukuta. Walikaa hivyo mpaka jina la Evode lilipoitwa, na wote pale benchini wakaona ni nani aliyesimama.

Ndani walikuwepo watatu. Aliyekaa katikati alikuwa Daktari Mukashyaka, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyekulia Tanzania na ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado na lafudhi ya huko. Kuliani kwake alikaa meja mstaafu, na kushotoni daktari kijana mwenye koti jeupe. Walianza kwa Kinyarwanda. Evode alisimama wima, akataja jina lake na cheo alichotoka nacho jeshini.

Daktari kijana akamwambia afuate kidole chake kwa macho. Akafuata. Akamwambia atembee kwenye mstari wa sakafu. Akatembea vizuri kuliko ambavyo wengi wangeweza. Akamwambia abane vidole vyake kwa nguvu, na daktari mwenyewe akalazimika kuvivuta.

"Nguvu zake ni za kawaida," kijana aliwaambia wenzake.

Meja alifungua faili. "Hapa wameandika unafanya kazi ya ulinzi kwenye ghala ya ushirika. Bado unafanya?"

"Ndiyo, afande."

Illuminée aligeuka kumtazama mumewe. Ulinzi ule ulikwisha tangu msimu wa mvua, siku walipomkuta ameanguka juu ya magunia, povu mdomoni, lango li wazi. Evode hakumtazama.

"Kizunguzungu kinakusumbua sana?"

"Kidogo, afande. Kinapita."

Meja akamtazama Daktari Mukashyaka kama mtu anayeuliza ni kwa nini wameitwa hapa. Daktari akamgeukia Illuminée, akamwambia sasa ni zamu yake, aeleze yale anayoyaona nyumbani.

Illuminée aliyasema aliyoagizwa. Mumewe huanguka. Kuna wiki inapita bila kitu, na kuna wiki siku zinafuatana. Aliwahi kuvunja jino kwenye ndoo. Alisema kwa Kinyarwanda cha kutafuta maneno, maana alizaliwa na kulelewa Goma, na kila baada ya sentensi alikaa kimya kama amemaliza.

"Mama," Meja alisema, bila ukali, "kuanguka kumeshaandikwa. Jopo la kwanza lilijua anaanguka. Sisi hatukuja kurudia kazi yao. Tunauliza kama kuna jambo ambalo wao hawakulijua."

Daktari Mukashyaka alivua miwani. "Ngoja nikueleze ili usije ukatoka hapa hujaelewa. Daraja linalompa mtu dawa na posho ni la yule asiyeweza kuachwa peke yake. Hatupimi maumivu, kwa sababu maumivu kila mtu hapo nje anayo. Tunapima kama mtu huyu anaweza kuishi bila mwingine kumwangalia. Kwa hiyo nakuuliza hivyo tu. Mume wako anaweza kuachwa peke yake?"

Illuminée alimtazama Evode. Evode akatikisa kichwa, kidogo sana, kiasi cha yeye tu kuona. Haikuwa jibu la swali la daktari. Ilikuwa amri.

Illuminée akainamisha kichwa. Nje, mtu alikuwa anaburuta magongo sakafuni. Daktari akavaa miwani yake tena. Meja akasema kwamba wamesikia, wanashukuru, uamuzi utatolewa baada ya saa sita mchana, na akaanza kufunga faili. Evode alikuwa tayari amesimama na mkono wake umeanza kupanda kutoa saluti.

"Dokta," Illuminée alisema kwa Kiswahili. "Uangalie mukono yangu."

Daktari Mukashyaka alisimama, akazunguka meza. Akaushika mkono, akaujaribu kwenye kiwiko, akapapasa mfupa wa juu kwa kidole gumba. "Ulivunjika," alisema. "Nani aliuunga?"

"Muzee mumoja wa Goma, anaungaka mifupa. Sikutaka ya hapa. Hapa wangeniuliza maswali."

"Ulivunjika vipi?"

"Nilisema ni mawe ya Petite Barrière. Haikuwa mawe." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayetaja bei. "Ni yeye. Lakini ile saa hakuwa yeye."

"Illuminée," Evode alisema. Miaka mingi hakuwa amemwita hivyo. Alimwita Mama Ineza, kama watu wote.

Illuminée hakugeuka. Sasa alikuwa ameanza, na alijua kwamba akinyamaza hatapata tena nguvu ya kuendelea. "Anaanguka, anatetemeka, halafu inaisha. Watu wanafikiri imeisha. Kumbe anasimama. Macho iko wazi lakini haoni mutu. Anatembea mu nyumba. Donc, basi, mi namushika, asiende mu moto, asitoke mu barabara. Nikimushika, anapigana. Anapigana kama na adui. Anaita majina ya watu sijui. Ile siku alishika mukono, akazungusha, nikasikia mufupa. Akalala. Kuamuka, akaomba chai. Akaniuliza, Mama Ineza, unalia nini? Ningemuambia nini, dokta? Mutu anaamuka tu, anaomba chai."

Mkono wa Evode ulikuwa bado uko nusu ya njia kuelekea kwenye paji la uso. Akaushusha. Akarudi nyuma kutafuta kiti bila kukitazama, na daktari kijana akamsogezea haraka kabla hajakaa sakafuni.

"Ulijua jambo hili?" Daktari Mukashyaka alimuuliza.

"Hapana."

"Unaamini anachosema?"

Evode alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba mke wake hajawahi kumdanganya hata mara moja, kisha akaona kwamba kwa miaka miwili amekuwa akiwaeleza watu habari za mawe ambayo hayakumgusa mke wake. Akawaza jinsi alivyomgombeza siku ile kwa kubeba kikapu kizito. Alikuwa amemgombeza.

"Mama," Meja alisema, "utanisamehe. Watu huja hapa na hadithi nyingi. Posho ni tamu."

"Afande, nikitunga hadithi, ningetunga yenye haiko na haya. Mutoto wangu anasoma hapa. Kesho watu watajua."

Daktari kijana, ambaye hakuwa amesema mengi, aliomba apige picha ya mkono. Ikawa hivyo. Siku ya rufaa ya Evode, aliyevuliwa kitenge na kulazwa kwenye mashine alikuwa Illuminée, na Evode akaachwa ameketi mbele ya wakubwa wawili ambao hawakuwa na swali lingine la kumuuliza. Meja alimsogezea glasi ya maji. Hakuinywa.

Picha ilipoletwa, kijana aliiinua dirishani. Aliongea na Daktari Mukashyaka kwa sauti ya chini, akionyesha mstari uliozunguka mfupa wa juu ya kiwiko kama kamba iliyozungushwa kwenye mti. Mtu akiteleza na kuangukia mkono, alieleza, mfupa mara nyingi haupasuki hivi. Huu ulisokotwa. Meja akaitazama picha kwa muda mrefu, akairudisha, akafungua tena faili aliyokuwa ameifunga.

Kisha Daktari Mukashyaka alivuta kiti chake hadi mbele ya Illuminée, akaketi karibu naye.

"Nisikilize. Akiamka baada ya kuanguka, usimshike."

"Nisimushike?"

"Usimshike kabisa. Ubongo wake unakuwa bado haujarudi. Ukimkamata, anahisi amekamatwa, na anapigana. Funga mlango wa nje, ondoa moto, ondoa visu, umpishe. Ukae mbali, useme naye polepole. Atatembea, atachoka, atakaa mwenyewe."

Illuminée alimtazama kama hakuelewa lugha. "Mi nilikuwa namushika kwa nguvu," alisema. "Kila mara. Nilikuwa nasema, nikiacha atakufa."

"Najua."

"Donc kama ningemuacha..."

Illuminée aliuweka mkono uliopinda juu ya mapaja yake, akauangalia kama kitu alichokiokota njiani. Miaka yote ile hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Uamuzi ulisomwa baada ya chakula cha mchana. Meja ndiye aliyeusoma, tena kwa kusimama. Rufaa imekubaliwa. Jina linarudishwa, na linawekwa kwenye daraja la juu kuliko lile la zamani, la mtu asiyeweza kuachwa peke yake. Dawa zitatolewa, na Evode atapelekwa kwa daktari wa ubongo. Kilichobaki ni yeye mwenyewe kutia sahihi kwamba amepokea. Akiona haridhiki, asitie. Evode akatoka bila kushika kalamu.

Mke wa yule kipofu alikuwa bado benchini. Alipowaona wakitoka aliuliza kama wameshinda.

"Tumeshinda," Illuminée alijibu, na yule mama akawashangaa kwa nini hawafanani na watu walioshinda.

Evode alipanda mlima wa kurudi Rugerero upande mmoja wa barabara, Illuminée upande mwingine. Magari yalipita kati yao. Mara mbili Illuminée alitaka kuvuka amfuate, akaona anaongeza hatua.

Nyumbani alivua koti, akalikunja vibaya, akaliweka mezani.

"Sitatia sahihi," alisema.

Illuminée alikuwa anachochea jiko. "Umesema?"

"Mi sitakula ile posho. Watanilipa juu nilivunja bibi yangu mukono? Kila mwezi nitasimama pale kuchukua, niseme asante? Hapana. Mi nilikuwa nafikiri niko mutu ya heshima mu hii nyumba."

"Uko mutu ya heshima."

"Na uliniacha nikugombeze. Ile siku nilikugombeza juu ya kikapu."

Ineza aliingia wakati ule kutoka shuleni, sare yake ina vumbi la barabara, akauona uso wa mama yake, akajua kwamba limesemwa. Akaweka mkoba chini polepole, akabaki amesimama karibu na ukuta.

Baba yake alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayemhesabu viungo.

"Na wewe," alisema. "Wewe nilikufanya nini?"

"Hakuna, Papa."

"Usinidanganye. Leo nimedanganywa imetosha."

"Sidanganyi. Kwangu haujafika." Ineza alitazama sakafu. "Ulikuwa unakuja ku chumba yangu, mi nikilia. Mama alikuwa anasimama mu mulango."

Jiko lilikuwa limeanza kuwaka na hakuna aliyelitazama. Evode alimtazama mkewe, akautazama mlango wa chumba cha binti, mlango mdogo wa mbao ambao watu wawili hawawezi kupita kwa pamoja. Akaelewa mahali mfupa ulipovunjikia. Alitoka nje, akaenda nyuma ya nyumba, na usiku ule hakurudi ndani.

Siku zilizofuata alilala jikoni, kijumba cha mabati nyuma ya nyumba, juu ya mkeka. Alikataa kula pamoja nao. Akimwona Illuminée anakuja, alisimama na kumpisha njia, kama mgeni anavyompisha mwenye nyumba. Illuminée alizoea mambo mengi katika ndoa ile, lakini hilo la kupishwa lilimuumiza kuliko aliyowahi kuyaona. Vidonge vilikuwa vinakaribia kwisha. Mjini, karatasi ilikuwa inangoja sahihi.

Twagirimana alikuja kumwona. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu wa bandia umenyooka mbele, na Evode akamweleza mwenyewe, yote, bila kuulizwa. Mwishoni akasema, "Sasa uniambie mi niko mutu gani."

"Sijui," alisema Twagirimana. "Nilikuwa najua mambo ya rufaa tu." Baadaye akaongeza, "Mi bomu ilichukua muguu wangu. Yako inaendelea kuchukua. Lakini bomu haukuitega wewe."

"Mukono niliuzungusha mimi."

"Ndiyo," Twagirimana alisema. Hakujaribu kulikana hilo.

Illuminée alikuwa amesimama nje ya mlango wa jikoni na sahani ya viazi na maharage. Aliingia, akaiweka chini. Safari hii Evode aliposimama kumpisha, Illuminée alibaki pale pale, mlangoni.

"Papa Ineza, mi nilinyamaza juu sikutaka ujue. Halafu nikasema, mbele ya watu, na wewe ulikuwa umenikataza. Ile ilinivunja kushinda mukono. Sasa unataka kukataa. Bon. Ukikataa, mukono haitanyooka. Dawa itaisha, utaanguka, na mi nitakuwa nimesema yote ile bure. Kama unataka kunilipa, hiyo haiko malipo."

"Malipo ni nini?"

"Umeze dawa. Urudi kulala mu nyumba."

Evode aliitazama sahani. "Na kama ikinishika nikiwa ndani?"

"Dokta alituambia ya kufanya."

"Mutaweza?"

"Sijui," alisema Illuminée. "Nitajaribu."

Kesho yake Evode alishuka mjini na kutia sahihi. Hakuvaa koti. Karani alimpongeza, akampa mkono, na Evode akasita kwanza mbele ya mkono ule wa mtu, kisha akaushika kwa ncha za vidole.

Dawa zilipunguza kuanguka lakini hazikukumaliza. Ilimshika tena Jumamosi moja mchana, akiwa anabangua maharage mbele ya mlango. Ineza ndiye aliyeona kwanza uso ukigeuka. Walimlaza ubavu, wakaweka kitenge chini ya kichwa, wakangoja mtetemeko upite. Kisha Illuminée akafunga mlango wa nje, akalimwagia jiko maji, Ineza akakusanya visu na bakuli la kioo. Wakasimama kwenye kona ya mbali, mama na binti, wameshikana.

Evode alisimama. Macho yalikuwa wazi na hayakumwona yeyote. Akatembea kuelekea mezani, akaigonga, akaisukuma, viti vikaanguka. Akaita jina la mtu, jina ambalo Illuminée alikuwa amelisikia mara nyingi na hakuwahi kujua ni la nani. Akageuka, akaja upande wao. Mwili mzima wa Illuminée ulitaka kwenda kumpokea, kama ulivyokwenda kila mara. Ineza alimshika kwa mikono miwili. Wakaserereka kando ya ukuta, wakampisha.

"Uko nyumbani," Illuminée alisema polepole. "Uko kwako. Ni sisi."

Alipita mbele yao, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake. Alifika kwenye mlango wa chumba cha Ineza, ambao hakuna aliyekuwa amesimama ndani yake. Akaingia. Waliusikia mwili wake ukigonga ukingo wa kitanda, halafu kimya. Illuminée aliomba Mungu bila kutoa sauti. Walipochungulia, alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda cha binti, mikono imeanguka kila upande, amechoka, anapumua.

Ikapita muda. Kisha macho yakarudi polepole, yakamwona Ineza, yakamwona Illuminée nyuma yake, yakauona ubavu wa kitanda, na Evode akajua yuko chumba gani.

"Ni nani nimemuumiza?"

"Hakuna mutu," Illuminée alisema.

"Ni nani?"

"Hakuna, Papa," alisema Ineza. "Ulitembea tu. Ukakaa."

Hakuwaamini. Hakuwa na namna ya kuwaamini, kwa sababu hata siku ile aliyoamka akaomba chai alikuwa ameambiwa ni mawe tu. Akawanyooshea viganja.

"Mulete mikono," alisema. "Nione."

Ineza alipiga magoti mbele yake, akainua mikono ya sweta hadi juu ya viwiko, akamnyooshea mikono yote miwili. Baba yake aliitazama bila kuigusa, mbele na nyuma, kidole kwa kidole. Kisha Illuminée naye akapiga magoti kando ya binti, akamnyooshea wa kulia, na wa kushoto akaunyoosha mpaka pale ulipoweza kufika.